Habari za Joto

Atuganile Sanga alilaza kiganja kwenye bomba la joto la Nyumba ya Wazee, akasubiri, akakihamishia mahali pengine, akasubiri tena. Alikuja kwa kazi ya dakika tano tu, kukaza koki iliyosemekana inavuja, maana wageni wa wizara walikuwa wanafika kesho yake na mkuu wake, Bwana Mligo, hakutaka waone hata tone sakafuni. Koki ilikuwa kavu. Bomba lilikuwa baridi kama sufuria iliyolala nje.

"Hili limeanza lini?" aliuliza.

"Wiki ya Pentekoste," alijibu Bi Gaudensia Nyagawa, aliyekaa kwenye kiti karibu na bomba. Alivaa sweta mbili, juu yake koti la mvua, na juu ya koti blanketi. Alipima majani ya chai kiwandani kwa miaka thelathini na mmoja, na mpaka leo hatoi neno bila kulipima kwanza. "Jumatatu yake, hasa."

Sasa ilikuwa Julai. Nje, nyasi za Luhanji zilikuwa nyeupe kwa jalidi, na maji ya beseni uani yalishika barafu juu. Ukumbini wazee kumi na wanne walikuwa wamelizunguka bomba lile lile lisilo na kitu, kwa mazoea tu.

"Bibi, miezi miwili hiyo! Mbona hamkusema?"

"Tumesema. Kila siku tunaulizwa, kila siku tunajibu. Subiri, ataita sasa hivi."

Kweli, saa moja kamili asubuhi kisanduku cha ukutani kililia. Ikatoka sauti ya kike, laini, yenye heshima zake zote. "Shikamooni, wazee wangu. Ni mimi, Upawa. Habari za joto?"

Zamu ya kujibu ilikuwa ya Mzee Kasto Chaula. Alijikokota mpaka kwenye kisanduku, akakohoa kikohozi kirefu, akajifuta mdomo kwa leso, akanyoosha mgongo kana kwamba anaongea na mkwe. "Marahaba, mwanangu. Nzuri, ila tu hapa ndani tume—"

"Asante sana. Siku njema."

Kisanduku kikanyamaza. Mzee Kasto alikitazama kidogo, mdomo bado wazi. "Huyu binti ana haraka," alisema. "Kila siku utadhani kaacha maziwa motoni."

Wazee wakacheka. Atuganile hakucheka. Alihisi aibu ikimpanda shingoni mpaka masikioni, kwa sababu maneno yale, kuanzia shikamooni mpaka siku njema, aliyaandika yeye.

*

Tumtendee haki. Hakuyaandika kwa ubaya, na yeyote aliyekuwapo Luhanji miaka ile angeyapigia makofi, kama alivyopigiwa.

Luhanji ni mji wa mlimani na baridi yake haina utani. Zamani majengo ya umma yalipashwa moto kwa mkaa. Kila wodi na kila bweni lilikuwa na jiko lake katikati, na miti ya mlima wote ikashuka mjini ndani ya magunia. Kisha asubuhi moja watoto tisa wa bweni la sekondari, waliofunga madirisha na kulala na jiko, hawakuamka. Mkaa ukapigwa marufuku katika kila jengo la serikali. Kikachimbwa kisima, kilomita mbili kwenda chini mpaka kwenye mwamba wa moto. Maji yanashuka yakiwa baridi, yanapanda yakitokota, yanazunguka ndani ya mabomba ya hospitali, shule, mahakama na Nyumba ya Wazee, kisha yanarudi chini kuchemka tena. Moshi hakuna, na mti haukatwi hata mmoja.

Lililobaki lilikuwa swali la nani apate kiasi gani, na hapo ndipo watu wazima walipogeuka watoto. Mwanzoni vilifungwa vipimajoto ukutani. Matroni wa shule akakifunga chake kwa kitambaa kibichi ili kionyeshe baridi. Mkuu wa idara moja, ambaye jina lake tumwachie mwenyewe, alikitia cha kwake ndani ya jokofu la soda, na ofisi yake ikawa tanuri huku wajawazito wakitetemeka wodini. Baada ya hapo ikatoka Amri ya Mkono: afisa yeyote asiguse koki za mgawo. Funguo zikatiwa kwenye kasha na kasha likapigwa lakiri ya wizara. Vipimajoto vikang'olewa. Mgawo ukakabidhiwa mashine, ambayo ingewauliza watu wenyewe kila siku na kuwapakulia kutoka chungu kimoja kadiri ya majibu yao. Wenyeji wakaiita Upawa.

Mwanzo Upawa alikuwa akiuliza kavu: "Kiwango cha joto?" Wazee wakagoma kumjibu. Mashine gani isiyosalimia? Atuganile, afisa mipango wa joto, mtoto wa hapo hapo, akampa shikamoo na habari, na wazee wakafunguka. Wakafunguka mno. Walimsimulia Upawa habari za magoti yao, wakamuuliza kama ana watoto, laini ikajaa mpaka saa nne. Ndipo Atuganile akamfundisha kulishika jibu la kwanza, kushukuru, na kukata. Mwaka ule picha yake ilitokea kwenye kalenda ya halmashauri.

Alikuwa amesahau kitu kimoja ambacho hata mtoto wa chekechea anakijua. Ukiulizwa habari, unajibu nzuri. Msibani utajibu nzuri. Nyumba yako ikiungua utajibu nzuri, ila nyumba inaungua. Ukweli huja nyuma ya ile "ila", na Upawa alikuwa anaikata pale pale.

*

Alirudi chumba cha mitambo akikimbia nusu ya njia. Hakukaa. Alisimama mbele ya kioo cha Upawa na koti lake mwilini, akafungua sauti zilizohifadhiwa za Nyumba ya Wazee, akaziacha ziimbe moja baada ya nyingine tangu Pentekoste.

"Nzuri, ila usiku—"

"Nzuri mama, isipokuwa hawa wa upande wa—"

"Salama tu, sema vidole—"

"Nzuri, nzuri, lakini mwenzetu Otmari tangu ju—"

Hapo alisimamisha. Otmari alimfahamu. Alizikwa mwezi uliopita, na Atuganile alituma rambirambi kama jirani yeyote. Watu walisema ni kifua. Akaibonyeza ile sauti tena, akaisikiliza mara tatu, kisha akashindwa kuendelea nayo. Alizunguka meza, akafungua dirisha, akalifunga. Kwenye kioo, mbele ya jina la Nyumba ya Wazee, Upawa alikuwa ameandika kwa rangi ya kijani siku zote sitini na mbili: wameridhika, wapunguziwe.

Joto lao lilikwenda wapi? Shule ilifungwa kwa likizo, mahakama ilihamia bondeni mpaka baridi iishe. Yalibaki majengo mawili tu yanayokula chungu kimoja, Nyumba ya Wazee na wodi ya wazazi ya hospitali. Akafungua sauti za wodi ya wazazi.

"Mambo, dada Eskalina. Habari za joto?" Kwa vijana Upawa alifundishwa kusalimia kijana, na tangu Pentekoste huyu ndiye aliyemjibu, badala ya matroni wa hospitali aliyekuwa akijibu nzuri kama wazee.

"Poa!"

Siku ya pili, sauti ile ile changamfu ya muuguzi: "Poa tu, mzima wewe?" Siku ya tatu: "Poa kichizi." Na mbele ya kila moja Upawa, aliyefundishwa Kiswahili cha kamusi na wataalamu waliovaa tai, aliandika kwa rangi nyekundu: kumepoa, waongezewe.

Atuganile alicheka. Kilimtoka kicheko cha ajabu, cha mtu aliyepigwa mahali asipopategemea, na kilipoisha alikuta macho yamemlowa.

Akapiga hesabu kwenye karatasi, kwa maji yaliyopita kila bomba. Nyumba ya Wazee ilikuwa kwenye nyuzi kumi na moja. Wodi ilikuwa kwenye ishirini na sita. Swali likirekebishwa, watu wakajibu kweli, Upawa angegawa sawa, na yote mawili yangekaa kwenye kumi na saba au pungufu. Alirudia hesabu akitafuta kosa. Alitamani sana akosee, lakini chungu kilikuwa kidogo na hakikuongezeka.

*

"Funga mlango," alisema Bwana Menrad Mligo, mkuu wake, baada ya kumsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mpana, mtaratibu, mwenye tabia ya kunyoosha karatasi zilizonyooka tayari. "Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna. Lakini wageni wanakuja kesho, mzee. Ndio wenye mamlaka ya kubadili swali. Tuwaambie."

"Tuwaambie nini? Kwamba Upawa hajui maana ya poa?" Alinyoosha karatasi. "Kesho watu wale wanaamua kama miji arobaini itaacha mkaa au haitaacha. Miji arobaini, Atu. Wapo wanaosubiri neno moja tu baya ili waseme, mliona, majiko yarudi. Acha wapite, watie saini. Wiki ijayo nitaomba swali lirekebishwe, kimyakimya."

"Wiki ijayo Mzee Kasto hatakuwepo. Umesikia kifua chake?"

"Tuwapelekee umeme."

"Umeme upi? Wa mji huu unatosha taa na majokofu ya dawa."

"Basi wahamie hospitali."

"Nimempigia matroni wa hospitali kabla sijaja, bila kumweleza sababu. Amekataa. Vifua vile asivione karibu na vichanga, na ana haki."

Sauti ya Mligo ilishuka. "Nilikuwa mwalimu wa zamu asubuhi ile ya bweni. Wewe ulikuwa mtoto. Wale tisa, mimi niliwabeba watano kwa mikono hii, mmoja mmoja, mpaka uwanjani. Walikuwa bado vuguvugu, kwa sababu jiko lilikuwa bado linawaka. Sitaki mkaa urudi. Ukiniambia nichague wazee wapate baridi kidogo, na—"

"Si kidogo. Otmari amekufa."

"Najua amekufa!" Alipiga meza, karatasi zake zikatawanyika, akaanza kuzikusanya bila kumtazama. "Kesho utasimama nyuma yangu, na mimi ndiye nitakayeongea."

Atuganile alitoka bila kuaga vizuri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe. Lililomkera zaidi ni kwamba hakuweza kumchukia.

*

Kutoka ofisini alikwenda moja kwa moja wodini. Alijiambia anataka kuona kwa macho, lakini ukweli ni kwamba alitaka kukuta kitu cha kumrahisishia. Angekuta watu wanajipepea kwa madaftari, madirisha wazi, joto linamwagwa bure, angelipokonya na moyo ukatulia.

Madirisha yalikuwa wazi kweli kwenye korido. Eskalina Tweve, muuguzi wa umri wa miaka ishirini na nne, alikuwa amekunja mikono ya gauni mpaka mabegani. "Dada Atu! Mambo?"

"Eskalina, ukiulizwa na Upawa unajibu poa. Umewahi kufikiri anaelewa nini?"

Alipoelezwa, Eskalina alifunika mdomo. Kicheko kilianza machoni, kikazimika chenyewe kabla hakijafika chini. "Kwa hiyo lile joto ni la... Mungu wangu. Nani mwingine anajua?"

"Funga basi madirisha, ukijibu kesho sema limezidi."

"Korido limezidi. Njoo huku."

Alimpitisha mlango wa mwisho. Chumba kilikuwa kidogo na joto lake zuri, joto la mkate. Kulikuwa na vichanga vitatu, vyote vimezaliwa kabla ya wakati, kila kimoja kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kimefungwa kanga. Kidogo kuliko vyote kilikuwa na gramu elfu moja na mia mbili. Mama yake, msichana mwenye midomo iliyokauka, hakumwinulia Atuganile macho, alikuwa anahesabu pumzi za mwanawe.

"Chumba hiki hakijawahi kuwa na joto namna hii," alinong'ona Eskalina. "Mwaka jana Julai tulipoteza wanne. Tangu Pentekoste hatujapoteza hata mmoja. Nilidhani ni maombi ya mama zao." Akaikaza kanga ya kile kidogo. "Chini ya nyuzi ishirini na nne huyu mdogo hatashika. Hata akiwa kifuani. Mpaka afikishe kilo mbili."

"Itachukua muda gani?"

"Akinyonya vizuri, wiki tano. Sita." Eskalina alimshika mkono. "Dada, unisamehe. Kesho niseme nini?"

Atuganile alimwomba maji ya kunywa ambayo hakuyanywa.

*

Saa kumi jioni alirudi Nyumba ya Wazee na kuwaeleza wote kumi na wanne, bila kupunguza. Aliwaeleza kuhusu nzuri, kuhusu poa, kuhusu Otmari, na kuhusu vichanga. Alisema, "Kosa ni langu," na sauti haikutetemeka kama alivyoogopa.

Bi Gaudensia ndiye aliyetangulia kusema. "Gramu ngapi ulisema?"

"Elfu moja na mia mbili."

"Hata kapu la chai la mtoto halina uzito huo mdogo." Alifunga koti lake la mvua. "Basi mambo yameisha. Upawa akiuliza, jibu letu ni lile lile. Nzuri, na safari hii bila ila."

Baadhi walitikisa vichwa kukubali. Atuganile alihisi mzigo unaanza kumtoka mgongoni, kwa raha iliyomtia haya. Ndipo Mzee Kasto alipogonga fimbo sakafuni.

"Mimi sikubali."

"Kasto!"

"Sikubali, Gaudensia. Wewe ukitaka kutoa joto lako, toa. Langu usinitolee." Kikohozi kilimkamata, kikamkunja, kikamwachia. "Watu wakizeeka kila mtu anawafanya watakatifu. Wazee hawana neno, wazee wamekula chumvi nyingi, wazee watavumilia. Mimi nina miaka sabini na nane na ninataka sabini na tisa. Nina baridi. Usiku vidole vya miguu sivijui kama ni vyangu. Yule mtoto simjui na simtakii baya, lakini sitaki kufa kwa heshima."

"Huna aibu?"

"Aibu ninayo. Ndiyo maana nimejibu nzuri miezi miwili."

Bi Gaudensia alitazama dirishani, na Atuganile aliona kidevu chake kikicheza, kwa hasira au kwa baridi hakujua. Alijua tu kwamba jioni ile hakuna mtu atakayemfanyia uamuzi wake. Kama wote wangekubali, ingekuwa zawadi. Mmoja akikataa, ilikuwa kunyang'anya, na mnyang'anyi alikuwa yeye.

*

Wageni walifika saa tatu asubuhi, magari mawili, makoti mapya. Mwenyekiti wao alikuwa Mhandisi Zamaradi Kombo, mwanamke mfupi wa pwani aliyevaa glavu mbili kila mkono, moja juu ya nyingine, na hakuona haya kusema kwamba anaganda. Bwana Mligo aliwapitisha kote kwa ufasaha, akaishia nao Nyumba ya Wazee, ambako wazee walikuwa wamevishwa nguo za kanisani na kupangwa ukumbini kwenye viti. Blanketi zilifichwa. Hakuna aliyeagiza zifichwe. Wazee wenyewe walizikunja na kuzisukuma chini ya vitanda, kwa sababu wageni wanakuja.

"Shikamooni, wazee wangu," alisema Mhandisi Zamaradi.

"Marahabaa!"

"Habari za joto hapa?"

"Nzuri!" Ilikuwa sauti moja ya watu kumi na wanne. Atuganile, aliyesimama nyuma ya Mligo kama alivyoagizwa, alimtazama Mzee Kasto. Naye alikuwa amejibu. Alikaa wima ndani ya suti yake ya kahawia, uso umemwiva kwa kukizuia kikohozi mbele ya mgeni, na machozi ya juhudi yakimjaa machoni.

Mwenyekiti alitabasamu, akafungua jalada, akamwomba katibu wake kalamu. Wakati kalamu inatafutwa, kwa adabu tu, kwa kujaza kimya, alimgeukia Atuganile. "Na wewe dada, ndiye uliyempa Upawa maneno? Hongera. Habari za kazi?"

Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, limefika lenyewe, kama lilivyofika maisha yake yote.

"Mbaya," alisema Atuganile.

Mwenyekiti aliendelea kutabasamu, maana alidhani hakusikia vizuri. "Nimeuliza habari za kazi."

"Mbaya, mheshimiwa. Mbaya sana. Vua glavu ushike hilo bomba."

"Atuganile," alisema Mligo, taratibu.

Mhandisi Zamaradi aliwatazama wote wawili. Kisha akavua glavu ya kwanza, akavua ya pili, akashika bomba. Alikaa nalo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Na kwa sababu ukumbi ulikuwa kimya, wote walimsikia Mzee Kasto akishindwa, kikohozi kikimtoka chote kwa pamoja mpaka Bi Gaudensia akaingia chumba cha jirani, akatoa blanketi chini ya kitanda, akaja kumfunika.

Atuganile aliongea. Hakupanga maneno. Alisema kila kitu, akaishia na hiki: "Tukilibadili swali, wale watoto watapata baridi. Tusipolibadili, hawa. Hakuna swali litakalofanya joto litoshe. Kinatakiwa kisima cha pili, na sisi tumekuandikieni kwamba kimoja kinatosha."

"Kisima cha pili ni wiki tisa," alisema Mhandisi Zamaradi. "Nikiagiza leo." Alilifunga jalada bila kutia saini. "Na miji arobaini itasubiri. Wapo watakaolifurahia jambo hili, na jina litakalotajwa ni lako. Unalijua hilo?"

"Ninalijua."

Mligo alikuwa ameketi kwenye kiti kisicho na mtu, mikono juu ya magoti, akiitazama mikono hiyo.

"Hizo wiki tisa je?" aliuliza mwenyekiti. "Upawa namsimamisha sasa hivi. Chungu kimoja, nyumba mbili. Nani atagawa?" Alimwagiza katibu alete kasha la funguo kutoka chumba cha mitambo, akaivunja lakiri mbele ya watu wote, akamkabidhi Atuganile ufunguo. Haikuwa adhabu, wala haikuwa heshima. "Uliyesema ndiye atakayegawa. Nitaiandika Amri ya Mkono kwamba imetenguliwa kwa mtu mmoja, kwa wiki tisa."

Koki kuu ya Nyumba ya Wazee ilikuwa pale pale ukumbini, nyuma ya kijilango cha chuma. Atuganile alikifungua. Alikuwa amepiga hesabu alfajiri na alijua mpaka nukta: wodi ikibaki kwenye ishirini na nne, na korido lifungwe, inabaki nafasi ya kuitoa nyumba hii kutoka kumi na moja mpaka kumi na tatu. Hakuna zaidi. Alishika gurudumu, lakini kabla hajalizungusha aligeuka na kuchuchumaa mbele ya Mzee Kasto, akamtazama usoni.

"Babu, una baridi?"

Mzee Kasto aliangalia wageni, akamwangalia Bi Gaudensia, akamrudia yeye. "Ndiyo," alisema.

"Nimesikia."

Aliinuka, akazungusha gurudumu robo ya duara, akasimama hapo. Maji yakaanza kusikika ndani ya bomba, machache.

Mzee Kasto aliyasikiliza. "Ndiyo kiasi changu hicho?"

"Ndiyo, babu. Ndicho nilichokupa."

Mzee alivuta blanketi mpaka shingoni, akapumua kwa taabu, akafikiri. "Basi kesho asubuhi njoo wewe mwenyewe uniulize tena," alisema. "Usitume mtu."